Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: kosa la kubaka lipimwe kwa ridhaa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUREKEBISHA KIFUNGU CHA 130 CHA KANUNI YA ADHABU, SURA YA 16

Mheshimiwa Waziri,

Naandika barua hii nikiwa msaidizi wa kisheria katika mkoa wa Tanga, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na eneo ninalolihudumia linapakana na Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Watu wa huku wana ndugu, mashamba na biashara pande zote mbili za mpaka wa Horohoro, hivyo si ajabu mashauri yao nayo kuvuka mpaka. Katika mashauri ya ukatili wa kingono nimejifunza kwamba jambo linaloamua mengi hufanyika mapema kabisa, pale jina la kosa linapoandikwa katika hati ya mashtaka. Jina hilo huamua upande wa mashtaka uthibitishe nini, hakimu awe na uhuru gani katika kutoa adhabu, na hata aliyeumizwa atatazamwaje na majirani hukumu ikishasomwa. Ombi langu ni moja: kosa la kubaka katika sheria ya Tanzania Bara lifafanuliwe kwa tendo lenyewe na kwa ukosefu wa ridhaa, bila kutegemea jinsia, ndoa au hadhi nyingine ya mtu aliyetendewa.

Ili nieleweke, tuchukue tendo moja, la mtu mzima aliyetishiwa kisu na kuingiliwa kimwili bila hiari yake. Akiwa ni mwanamke ambaye si mke wa mtendaji, kosa ni kubaka chini ya kifungu cha 130, na adhabu yake chini ya kifungu cha 131 ni kifungo kisichopungua miaka 30, ambacho chaweza kufika maisha. Akiwa ni mke anayeishi na mtendaji, kifungu cha 130 hakimgusi mume huyo. Akiwa ni mwanaume, kifungu hicho hakimjui kabisa, kwa kuwa kinasema wazi kwamba anayebaka ni mwanaume na anayebakwa ni msichana au mwanamke; shauri lake litapelekwa kifungu cha 154, kinachohusu makosa yaitwayo kinyume na maumbile. Na kama mtendaji alitumia kitu au kiungo kingine cha mwili, basi hata kama aliyeumizwa ni mwanamke asiye mke wake, kosa linahamia kifungu cha 138C, la unyanyasaji mkubwa wa kingono, ambalo adhabu yake kwa aliyemtendea mtu mzima ni kati ya miaka 15 na 30. Kisu ni kilekile na woga ni uleule, ila majina ya makosa ni matatu, na kwa mke huyo hakuna jina lolote lililo wazi.

Sasa tuvuke Horohoro tuingie Lunga Lunga. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, yule mwanamke na yule mwanaume wote wawili wamebakwa, kwa sababu kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinamtaja mtu, awe mwanaume au mwanamke, na tafsiri yake ya viungo vya uzazi inajumuisha pia njia ya haja kubwa. Aliyeingiliwa kwa kitu ametendewa kosa la shambulio la kingono chini ya kifungu cha 5, lenye kiwango cha chini cha adhabu kilekile cha ubakaji, yaani miaka 10. Mke peke yake ndiye aliyebaki nje huko pia, kwa kuwa kifungu cha 43, kinachoeleza ni wakati gani tendo huhesabiwa kuwa si halali, kinamalizia kwa kusema kwamba hakiwahusu waliooana kihalali.

Kabla sijaendelea, ni haki nikiri uzuri wa sheria yetu pale ulipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998, ambayo ndiyo iliyotupa kifungu cha 130 tulichonacho, ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, na katika mambo kadhaa ilitangulia majirani. Ilitamka kwamba upenyaji hata mdogo kiasi gani unatosha. Ilitamka kwamba si lazima kuwepo majeraha au dalili za mapambano ili kuthibitisha kwamba mwanamke hakuridhia, jambo ambalo nchi nyingi zenye mahakama kongwe kuliko zetu zilichelewa sana kulikubali. Iliwataja kwa makundi watu wenye mamlaka wanaotumia nafasi zao, wakiwemo wafanyakazi wa hospitali, waganga wa jadi na viongozi wa dini. Aidha, ilibadilisha Sheria ya Ushahidi ili mahakama, ikimwamini mwathirika, iweze kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika huyo pekee, na Mahakama ya Rufani ikaja kusisitiza mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwake yeye. Waliotunga sheria hiyo waliona mbali. Walichokiacha ni mlango wa nyumba ya ndoa, na mlango huo ndio unaonipa shida zaidi.

Aya ya (e) ya kifungu cha 130(2) inasema kwamba kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia, isipokuwa kama ni mke wa mtendaji, ametimiza miaka 15 au zaidi, na hajatengana naye. Maneno hayo yanaenda sambamba na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 13 kinaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Matokeo yake ni kwamba tendo ambalo lingempeleka mtu gerezani kwa miaka 30 siku ya Ijumaa linakoma kuwa kosa siku ya Jumamosi, ndoa ikishafungwa, bila msichana mwenyewe kuongezeka umri wala akili. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka huo ulikwisha bila Bunge kupitisha marekebisho. Na hata Sheria ya Ndoa ikirekebishwa kesho, maneno ya Kanuni ya Adhabu hayatajifuta yenyewe, kwa hiyo mambo haya mawili yanapaswa kwenda pamoja.

Jambo hili limezidi kuchanganya tangu mwaka 2016, Sheria ya Elimu ilipofanyiwa marekebisho yaliyofanya kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuwa kosa lenye adhabu ya miaka 30. Nayaunga mkono makusudio yake. Lakini tazama tulipofika, Mheshimiwa: wasichana wawili wa miaka 16 wanaokaa kitongoji kimoja, mmoja yuko kidato cha pili na mwingine aliacha shule kwa kukosa nauli, hawana ulinzi sawa. Wa kwanza, sheria inamzuia yeyote kumwoa. Wa pili anaweza kuozwa kwa idhini ya baba yake, na baada ya hapo kifungu cha 130 kinamwondolea mumewe jina la mbakaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawaita wote wawili watoto. Sioni sababu ya haki inayoweza kueleza tofauti hiyo, na aliyekosa shule ndiye aliyehitaji ulinzi zaidi.

Wengi huamini kwamba msamaha wa mume unatoka katika mila zetu au dini zetu, na kwamba kuugusa ni kuleta ugeni. Historia ya maandishi yenyewe inaonyesha vingine. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika mwaka 1945 chini ya utawala wa Waingereza, ikabeba mawazo ya sheria ya Kiingereza, na wazo hili lilitokana na maandishi ya Matthew Hale, Jaji Mkuu wa Uingereza wa karne ya 17, yaliyochapishwa mwaka 1736, miaka mingi baada ya kifo chake. Hale alidai kwamba mke, kwa kukubali kuolewa, amejitoa kwa mumewe kwa namna ambayo hawezi kuirudisha. Hakutaja hukumu ya maana ya kuunga mkono dai hilo, lakini lilirudiwa na majaji kwa zaidi ya karne mbili na kupelekwa kila koloni. Waingereza wenyewe walilifuta mwaka 1991, pale mahakama ya juu kabisa ya nchi yao ya wakati huo ilipoamua kwamba mume anaweza kumbaka mkewe. Sisi ndio tuliobaki kulitunza, tena tukidhani ni letu.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilifikiria linanishangaza. Mwaka uleule wa 1998 ambao Bunge letu lilipitisha sheria yetu, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikuwa ikikaa Arusha, katika jengo la AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano, na tarehe 2 Septemba ikatoa hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na katika hukumu hiyo majaji watatu, Laïty Kama, Lennart Aspegren na Navanethem Pillay, walilazimika kusema ubakaji ni nini, kwa kuwa hakuna mkataba wa kimataifa uliokuwa umeufafanua. Walikataa kuorodhesha viungo vya mwili. Walisema kwamba ni uvamizi wa mwili wenye asili ya kingono, unaofanywa dhidi ya mtu katika mazingira ya kulazimisha, na wakaeleza kwamba unaweza kuhusisha matumizi ya vitu. Walisema pia kwamba ulazimishaji si lazima uonekane kwa nguvu za mwili. Vitisho vinatosha, na hali ya vita au kuwepo kwa watu wenye silaha kunaweza kuwa ni ulazimishaji tosha.

Maneno hayo yalitamkwa katika ardhi yetu, lakini walioyachukua ni wengine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilirekebisha kanuni yake ya adhabu kwa Sheria Na. 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, ikafafanua ubakaji bila kujali jinsia ya mtendaji wala ya mtendewa, ikajumuisha kuingiza kiungo chochote cha mwili au kitu, na ikataja waziwazi mazingira ya kulazimisha pamoja na vitisho, kushtukiza na shinikizo la kisaikolojia. Rwanda nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2008 kuhusu ukatili wa kijinsia, ilitambua kwamba ubakaji unaweza kutokea ndani ya ndoa, na katika sheria ya adhabu ya mwaka 2018 ikaweka kosa la pekee la ukatili wa kingono dhidi ya mwenza, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko ile ya ubakaji wa kawaida. Binafsi sioni sababu ya wepesi huo, lakini Rwanda angalau imeliita tendo hilo kosa. Nchi hizi zimerithi sheria za Kibelgiji, hazikurithi za Kiingereza, na huenda ndiyo sababu mtu akaniambia kwamba mfano wake hautufai. Nitajibu kwamba Kenya imerithi sheria ileile tuliyorithi sisi, na imebadilika.

Kenya inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa mazuri yake na kwa yale yaliyoisumbua. Muswada wa sheria yao ya 2006 ulipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na sasa jaji wa Mahakama ya Juu, na ulipita baada ya mabishano makali ambayo yaliondoa ndani yake vifungu kuhusu ubakaji katika ndoa. Mwaka 2015 suala hilo lilirudi kwa mlango wa pili, pale sheria ya ulinzi dhidi ya ukatili wa majumbani ilipoingiza ukatili wa kingono ndani ya ndoa katika tafsiri yake ya ukatili. Mke wa Kenya leo anaweza kuomba amri ya mahakama ya kumlinda, lakini hawezi kumshtaki mumewe kwa kumbaka. Ni nusu ya haki, na nusu hiyo bado hatuna.

Upande wa watoto, Kenya imetenganisha kosa la unajisi na lile la ubakaji, na imelipanga kwa umri: mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha, wa miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20, wa 16 hadi 18, kisichopungua 15. Mtoto huyo anaweza kuwa wa kike au wa kiume. Upangaji huo una mantiki, ila una gharama yake: umri wa mtoto unageuka kuwa uwanja wa vita, kwa sababu tofauti ya miezi michache inabadilisha adhabu kwa miaka mingi, na katika vijiji ambavyo vyeti vya kuzaliwa ni haba hilo si jambo dogo. Viwango hivyo vya chini vya adhabu vilipingwa mahakamani kwa muda mrefu, majaji wengine wakiviona vinawafunga mikono, mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua Julai 2024 kwamba vinabaki kuwa sheria hadi Bunge litakapovibadilisha. Naleta habari hii ili wataalamu wa Wizara yako wasichukue kila kitu cha jirani kikiwa kizima.

Kwa Uganda nitapita haraka. Ubakaji katika kanuni yao ya adhabu bado unamhusu mwanamke au msichana tu, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Kwa watoto, marekebisho ya mwaka 2007 yaliwaingiza wavulana na kuunda kosa zito zaidi pale mtoto anapokuwa chini ya miaka 14, au mtendaji anapokuwa mzazi, mlezi, mwenye mamlaka au mwenye virusi vya UKIMWI. Bunge lao lilipitisha muswada mpana wa makosa ya kingono mwaka 2021, na Rais akaurudisha bila kuutia saini.

Narudi kwetu, kwa wanaume na wavulana, ambao ni kundi lisilopenda kufika ofisini kwetu na ambalo sheria hailisaidii kufika. Mvulana aliyelawitiwa hakosi ulinzi wa adhabu. Kifungu cha 154(2) kinatoa kifungo cha maisha kwa anayemtendea hivyo mtoto wa chini ya miaka 18, adhabu kali kuliko ile ya chini ya kumbaka msichana wa umri huohuo. Shida yangu haihusu ukali. Inahusu kifungu chenyewe, ambacho hakitazami ridhaa hata kidogo: kinamweka mtu aliyelazimishwa katika fungu moja na watu waliokubaliana, na kinamtaja kama mkosaji pia mwanaume anayeruhusu kuingiliwa. Mwanaume mzima aliyefanyiwa unyama na wenye nguvu kuliko yeye, akiwa mahabusu au kambini, anapofikiria kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, anafikiria pia kama hatatoka hapo akiwa mtuhumiwa. Sizungumzii hapa mjadala mwingine wowote unaohusu kifungu hicho. Nazungumzia mtu aliyelazimishwa tu, ambaye mahali pake ni kifungu cha 130. Vivyo hivyo, mwanamke mtu mzima anayemwingiza mvulana wa miaka 15 katika ngono hawezi kushtakiwa kwa kumbaka, na upande wa mashtaka hulazimika kutafuta kosa jingine la kumweka.

Mwanya huu umezaa hata mafumbo ya kisheria. Kifungu cha 138C kinamhusu mtu yeyote anayefanya, bila ridhaa ya mwenzake, tendo la kujiridhisha kingono ambalo halifikii kuwa kubaka chini ya kifungu cha 130, na hakina neno lolote linalowatoa wanandoa. Wakili mmoja anaweza kusoma maneno hayo na kusema kwamba mume anayemlazimisha mkewe ametenda kosa la 138C, kwa kuwa tendo lake si kubaka kisheria na ridhaa haikuwepo. Mwingine atajibu kwamba Bunge lisingeweza kumsamehe mume kwa mkono mmoja na kumfunga kwa mkono wa pili. Ikiwa usomaji wa kwanza ndio sahihi, mume huyo ni mhalifu wa kosa dogo zaidi. Ikiwa ni wa pili, basi mume anayetumia kitu anaweza kufungwa miaka 15 na anayetumia mwili wake anakwenda nyumbani. Kila njia inatufikisha mahali ambapo mtunga sheria mwenye akili timamu asingekusudia kufika.

Migawanyo ya ndani ya kifungu cha 130 imetugharimu hata mahakamani. Kwa kuwa kifungu kidogo cha (2) kina aya tano na kila moja inahitaji ushahidi wake, hati ya mashtaka isiyotaja aya sahihi imewahi kuangusha kesi kwenye rufaa, na watu waliotiwa hatiani wakaachiwa kwa kosa la mwandishi wa hati. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ililegeza msimamo huo, ikasema kasoro hiyo hurekebishika ikiwa maelezo ya kosa na ushahidi vilimwezesha mshtakiwa kuelewa anashtakiwa nini. Ilikuwa busara. Hata hivyo, aya ya (e) inabaki kudai uthibitisho wa umri, na mara nyingi nimeona jambo hilo likiachwa mpaka shahidi wa mwisho, kana kwamba fomu ya PF3, ile ya polisi inayojazwa hospitalini, peke yake inatosha.

Tofauti za namna hii kati ya nchi na nchi zina athari zaidi ya zile za chumba cha mahakama. Kanuni ya kawaida ya kurejeshana watuhumiwa ni kwamba tendo liwe kosa pande zote mbili za mpaka, na mtuhumiwa mwenye wakili mzuri atauliza upesi kama alichokifanya Lunga Lunga kina jina Tanga. Takwimu nazo hazilinganishiki. Polisi wa Marekani, kwa mfano, walihesabu ubakaji kwa tafsiri iliyowekwa mwaka 1927, ya mwanamke aliyeingiliwa kwa nguvu, mpaka FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilipotangaza tafsiri mpya mwaka 2012 iliyowaingiza wanaume na kuondoa sharti la nguvu. Anayelinganisha idadi za kabla na baada ya hapo bila kujua hilo anajidanganya. Hata ndani ya Muungano wetu hali ni hiyohiyo, kwa kuwa makosa ya jinai ya aina hii si jambo la Muungano na Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu Na. 6 ya mwaka 2018. Kwa sababu hiyo ombi langu linahusu Tanzania Bara, ingawa ningependa kuona Wizara ikizungumza na wenzake wa Unguja kabla ya kuandika chochote.

Wapo watakaoshauri kwamba tufuate Canada, iliyofuta kabisa kosa la ubakaji mwaka 1983 na kuweka mahali pake shambulio la kingono la ngazi tatu, linalopandishwa na kiwango cha vurugu iliyotumika. Faida yake ni kwamba mahakama inaacha kuuliza kiungo gani kiligusa wapi. Mimi nisingeshauri hivyo kwetu. Kubaka ni neno ambalo kila mtu kijijini anajua uzito wake, na mwathirika anapolisikia likitamkwa na hakimu anapata kitu ambacho maneno ya jumla hayawezi kumpa. Ninachotaka ni neno hilo liwafikie wote wanaostahili kulindwa nalo.

Hispania inatupa onyo la aina nyingine, na ningeomba waandishi wa sheria Wizarani walisome kwa utulivu. Sheria yao ilitenganisha unyanyasaji wa kingono na shambulio la kingono, tofauti ikiwa ni kuwepo kwa nguvu au vitisho. Mwaka 2018 mahakama ya Navarra iliwatia hatiani wanaume watano kwa kosa lililo dogo, la unyanyasaji, kuhusu tendo la pamoja lililotokea Pamplona mwaka 2016, ikawapa miaka 9. Nchi nzima ikaingia barabarani, na Juni 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema ni ubakaji na kuwapa miaka 15. Bunge likaunganisha makosa hayo mawili mwaka 2022 na kuweka ridhaa katikati. Nia ilikuwa njema, ila katika kuunganisha walishusha baadhi ya viwango vya chini vya adhabu, na kwa kuwa sheria yao humpa mfungwa manufaa ya adhabu nyepesi inayokuja baadaye, mamia ya wafungwa walipunguziwa vifungo. Ilibidi sheria irekebishwe tena Aprili 2023. Kwa hiyo tukiunganisha vifungu vya 130 na 138C, na kuhamisha sehemu ya 154, kifungu cha mpito kiandikwe kwa uangalifu uleule wa kifungu chenyewe.

Najua pingamizi litakalotolewa kwa sauti kubwa zaidi, kwamba kuondoa msamaha wa mume kutawapa wake silaha ya kuwasingizia waume zao. Wanaosema hivyo wanasahau kwamba kifungu cha 130 tangu 1998 kinamruhusu mke aliyetengana na mumewe kumshtaki, na kwamba mzigo wa kuthibitisha kosa pasipo shaka yoyote ya msingi unabaki palepale kwa Jamhuri. Mke anayesimama kizimbani cha mashahidi atahojiwa kama shahidi mwingine yeyote. Kama ushahidi wake hauaminiki, mahakama itamwachia mumewe, kama inavyowaachia washtakiwa wengi kila mwezi. Hofu ya kusingiziwa ni hoja ya kuimarisha upelelezi; haiwezi kuwa hoja ya kusema kwamba tendo si kosa.

Kwa hayo, Mheshimiwa, naomba Wizara iandae muswada utakaofanya mambo haya: kulifafanua kosa la kubaka kuwa ni kumwingilia mtu yeyote, kwa kiungo au kwa kitu, bila ridhaa yake ya hiari, pamoja na kueleza mazingira ambayo ridhaa haiwezi kuwepo, kufuta maneno yanayomtoa mume, kwa mke mtu mzima na kwa yule wa miaka 15, sambamba na kurekebisha Sheria ya Ndoa kama Mahakama ya Rufani ilivyoelekeza, na kumtoa mtu aliyelazimishwa katika kifungu cha 154. Naomba pia rasimu ya muswada huo itolewe kwa Kiswahili mapema, kabla ya kusomwa bungeni, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, muuguzi anayejaza PF3 na msaidizi wa kisheria wa kata wote ni wasomaji wa sheria hiyo kabla haijamfikia wakili. Tukipewa rasimu na siku 60 za kuisoma, sisi wa mikoa ya mpakani tutakusanya maoni ya watu wetu na kuyafikisha Dodoma kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Tanga.

Nakala: Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania, Kamati ya Bunge inayoshughulikia Katiba na Sheria.